Macho ya Komadre

Obdulia Matus alikuwa na kanuni moja, na aliishika kuliko wengi wetu tunavyozishika amri za kanisani. Nguo iliyoahidiwa kwa ajili ya vela, ile sherehe ya Mei ya mtakatifu wa mtaa, lazima itoke nyumbani kwake kabla ya vela. Hakukubali udhuru wowote. Mwaka aliofiwa na mumewe alitarizi huku waombolezaji wakiingia na kutoka na maua mikononi, na vazi la binti wa mwokaji mikate likatoka kwa wakati. Watu walimsifu, na padri akamtaja mimbarini kama mfano wa mtu anayetimiza neno lake.

Mtaani kwetu mwanamke hutazamwa kwa vazi lake la vela. Ni mahameli nyeusi, blauzi na sketi, na juu yake bustani nzima ya mawaridi ya hariri. Siku hizi mengi hushonwa kwa cherehani, lakini mwenye kujua huona tofauti akiwa ng'ambo ya barabara. Petali ya Obdulia ilianzia kwenye wekundu uliokaribia kuwa mweusi, ikafifia kidogo kidogo hadi ikaishia pembeni na rangi ya shavu la mtoto, na usingeweza kuonyesha uzi mmoja ulipoishia na mwingine ulipoanzia. Watu walizoea kusema ana mikono ya dhahabu. Walikosea. Kazi ile ilifanywa na macho.

Alikuwa na kisukari. Huku kwetu hilo si habari; sukari imo katika kila nyumba kama ilivyo machela ya kulalia mchana. Obdulia alimeza vidonge alipokumbuka, na soda hakuisahau hata siku moja. Chupa ilikaa miguuni pake, chini ya fremu ya kutarizia, na aliyemkemea alijibiwa, "Maji hayana ladha. Ninywe nini, mvua?"

Komadre wake alikuwa Hermila Cueto, muuza kamba wakavu na jibini sokoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitisha mtaa mzima. Hermila ndiye aliyemshika Nereida, binti pekee wa Obdulia, siku ya ubatizo, akawa mama yake wa ubatizo, na tangu siku hiyo wale wanawake wawili hawakuitana tena kwa majina. Komadre huku, komadre kule. Kwetu neno hilo si la heshima tu, lina kazi ndani yake. Komadre wako akiozesha, wewe ndiye unayekaanga. Akifiwa, unapokea wageni wake mlangoni. Akiumwa, unakaa kwenye meza yake sokoni na kuuza samaki wake, na wateja hawaulizi mwenyewe yuko wapi. Hata kwenye mkutano wa wazazi shuleni komadre huitika jina la komadre, na mwalimu huandika kuwa mzazi amefika. Desturi hiyo imetulisha na kutuzika miaka mingi. Ni desturi nzuri. Lakini kuna mahali isipopaswa kufika, na hakuna aliyewahi kutuambia ni wapi, kwa sababu kabla ya mashine ile kuja hapakuwa na haja.

Mashine ililetwa na watu wa kituo cha afya. Ni kamera inayopiga picha ya ukuta wa nyuma wa jicho, pale sukari inapoanza kuharibu mishipa midogo ya damu kimyakimya, mgonjwa akiwa bado anaona vizuri na hana analolalamikia. Picha haisomwi na daktari. Husomwa na kompyuta, kwa ile akili mnemba wanayoizungumzia redioni, na jibu hutoka kabla hujashuka kwenye kiti: uko salama, au nenda hospitali kubwa ya Oaxaca, mji mkuu wa jimbo letu, sasa hivi. Ilikuja mara moja kwa mwaka, mwezi wa Mei. Yeyote mwenye kisukari aliyekosa kupimwa mara mbili mfululizo alifutwa kwenye kikundi kinachopewa dawa bure. Obdulia alikuwa amekwisha kukosa mara moja, kwa sababu ya nguo.

Mwaka huo Yadira, binti wa Hermila, alichaguliwa kuwa malkia wa vela. Vazi lake lilikuwa kwenye fremu ya Obdulia. Siku mashine ilipofika, vela ilikuwa kesho yake, na ukingo wa sketi ulikuwa bado.

Asubuhi Hermila aliingia na bakuli la uji wa mahindi na mkate mtamu.

"Komadre, mashine ya macho ni leo. Mbona hujavaa?"

"Nivae niende wapi? Huoni waridi hili lina upande mmoja kama mwezi?"

"Nenda upesi, urudi."

"Nirudi nikiona nini? Unayajua yale matone wanayotia. Mwaka jana fundi Cándido walimtia, akashinda mchana kutwa anasalimia nguzo za umeme."

Hermila alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Cándido, fundi viatu wa mtaa wetu, alikuwa amemvulia kofia hata ng'ombe wa jirani.

"Na mimi nikitiwa leo," Obdulia aliendelea bila kuinua kichwa, "sindano siioni mpaka kesho. Kesho Yadira atatoka na sketi yenye shimo, na watu watasema ni kazi ya nani? Yangu."

"Lakini ukikosa na leo watakufuta, komadre. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya akina mama pale kituoni, najua wanavyofuta. Hawana huruma wale."

Obdulia aliisimamisha sindano. Alitazama ukingo wa sketi, akatazama mlango ambako mwanga mzuri wa asubuhi ulikuwa umekwisha kuingia.

"Basi nipe kitambulisho chako," Hermila alisema. "Naenda mimi."

"Wewe huna sukari."

"Ndiyo vizuri! Sitakutia aibu."

Nereida, ambaye alikuwa jikoni akikaanga ndizi, alijitokeza na kijiko mkononi. "Mama wa ubatizo, samahani. Ile mashine haitazami jina. Inatazama jicho."

"Na mimi sina jicho? Ninayo mawili. Rudi kwenye ndizi zako, binti yangu, zinaungua."

Nereida alimtazama mama yake. Mama yake alifungua mfuko wa aproni, akatoa kitambulisho, akampa Hermila, kisha akainama tena juu ya mahameli. Hivyo ndivyo lilivyotendeka, wazi, mchana, bila mtu yeyote kudhani anatenda ubaya.

Kituoni upepo wa kaskazini ulikuwa unapiga madirisha. Nesi Amparo, aliyekuja na mashine kutoka mjini, hakumjua mtu. Alikiangalia kitambulisho, akaangalia mwanamke wa makamo mwenye nywele zilizosukwa na utepe, kama wanawake wote waliokaa kwenye viti vile.

"Obdulia Matus?"

"Mwenyewe."

Foleni nzima ilisikia. Wote walimjua Hermila. Wengi wao walikuwa wamenunua kamba kwake siku hiyohiyo. Hakuna aliyesema neno. Fundi Cándido, aliyekuwa nyuma yake, hata aliongeza chumvi: "Pita basi, Obdulia, unatuchelewesha," na wanawake wakaziba vinywa kwa mitandio. Walidhani wanamfichia siri komadre mmoja mwema. Sijui kama kuna hata mmoja aliyefikiria kuwa jicho la mgonjwa lilikuwa limebaki nyumbani.

Hermila alitiwa matone, akaweka kidevu kwenye kiegemeo cha mashine, akaambiwa asipepese. Taa ikamulika. Kwenye kioo cha kompyuta kulitokea duara la rangi ya chungwa, na mishipa yake imetandaa safi kama mito kwenye ramani. Jibu likatoka: hakuna dalili, arudi baada ya mwaka.

"Hongera, mama," nesi alisema. "Umekaa na sukari miaka yote hii na bado una macho ya msichana."

Aliyefuata alikuwa Cándido, na mashine ikamwambia aende Oaxaca mara moja.

"Mimi?" alipiga kelele. "Mimi ninayepitisha uzi kwenye sindano bila miwani? Mashine hii imelewa!"

Mkewe hakubishana na mashine. Alimburuta hadi kwenye basi, madaktari wakamchoma mishipa ya macho kwa miale ya leza, akarudi akilaani njia nzima. Leo bado anashona viatu, na bado anapitisha uzi mwenyewe.

Hermila alirudi kwa Obdulia akipapasa kuta kwa sababu ya matone. "Komadre," alisema, "nimeambiwa una macho ya msichana. Sasa tukutafutie mume."

"Mtafute asiye na macho," Obdulia alijibu, "asije akaniona." Wakacheka wote wawili. Ukingo wa sketi ulikamilika mwanga ukiwa bado upo.

Vazi lile liliwanyamazisha watu. Yadira alipoingia uwanjani na wanamuziki wakaanza, wanawake waliacha kuongea wakawa wanahesabu rangi. Obdulia alikaa mstari wa mbele na soda yake. Nadhani ilikuwa siku yake ya mwisho ya furaha isiyo na kivuli, na sina haki ya kumnyima.

Mvua zilipoanza, aliona uzi mweusi juu ya mahameli nyeupe ya bibi harusi. Aliuondoa kwa kucha. Haukuondoka. Alipogeuza uso, uzi uligeuka naye, ukapanda ukutani, ukaelea juu ya picha ya marehemu mumewe. Nereida alimkuta anachomoa hewa kwa vidole.

"Mama, unafanya nini?"

"Kuna uzi hapa."

"Hapana uzi, Mama."

Nereida hakumngoja apate nafasi. Kesho yake alimpeleka kituoni, na Hermila, aliyekuwa pale kwa kikao cha kamati, akaingia nao kama ilivyo kawaida. Daktari Zárate, kijana mwenye haraka lakini si mtu mbaya, alifungua kompyuta yake. Picha za Mei zilikuwa mbele yake, mito safi juu ya chungwa.

"Mama Obdulia, macho haya ni mazuri kuliko yangu. Ulipimwa hapahapa mwezi wa Mei, sivyo?"

Swali lilikuwa rahisi. Chumbani kulikuwa na watu watatu waliojua jibu lake. Nereida alimtazama mama yake, mama yake akamtazama Hermila, Hermila akaitazama sakafu.

"Ndiyo, daktari," Obdulia alisema.

"Basi ni huu upepo wetu. Unakausha macho. Nitakupa dawa ya kulainisha."

Watu wa mtaa wetu hupenda kusema kwamba Hermila ndiye aliyemponza, au mashine, au serikali iliyoileta. Mimi nasema tuanzie hapo, kwenye maneno mawili. Mashine haikusema uongo. Iliulizwa juu ya jicho lililowekwa mbele yake, ikajibu kweli. Walioitengeneza walifikiria mambo mengi, picha hafifu, mwanga mbaya, mgonjwa anayepepesa. Hawakufikiria wanawake wanaopendana kiasi cha kuitikiana majina. Na daktari alidanganywa usoni na mtu aliyekuja kuomba msaada wake.

Nje, chini ya baraza, Nereida alilia kwa hasira. "Rudini ndani. Rudini sasa hivi mkaseme."

"Tukisema, mama yako anafutwa," Hermila alisema polepole. "Na mimi nitatolewa kwenye kamati mbele ya watu. Wataanza kuchunguza na wengine. Unadhani ni sisi tu? Mama wa Chabela aliitikiwa, na mke wa dereva pia." Kisha akamgeukia Obdulia. "Lakini nilikuwa tayari, komadre. Ungeanza wewe, nami ningesema."

"Mimi nilikuwa nangoja uanze wewe," Obdulia alijibu. "Jina ni langu, lakini aibu ingekuwa yako. Ningekuanikaje?"

Walisimama wakitazamana. Kila mmoja alikuwa amemlinda mwenzake, na hakuna aliyekuwa amelilinda jicho.

"Ni uzi tu," Obdulia alisema hatimaye. "Mei itafika tu. Mashine itarudi, nitakwenda mwenyewe."

Nereida alijaribu peke yake. Alitaka kumpeleka mama yake Oaxaca kwa daktari mwingine, bila kumtaja mtu. Obdulia alikataa. Kulikuwa na nguo za Krismasi, kisha harusi mbili za Februari, na zote zilikuwa zimeahidiwa. Uzi mmoja ukawa nyuzi nyingi. Akahamisha fremu karibu na mlango, kisha akaitoa barazani. Januari mteja mmoja alifungua blauzi yake mpya, akauliza kwa upole, "Mama Obdulia, hili waridi ni la kahawia?" Obdulia alikuwa ametarizi petali nzima kwa rangi ya udongo akidhani ni nyekundu. Aliirudisha kwenye fremu, akafumua uzi wote, akatarizi upya huku Nereida akimtajia rangi. Blauzi ilitoka kwa wakati. Kanuni ilishikwa.

Karibu na Pasaka aliamka akamwambia binti yake afungue dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Damu ilikuwa imevuja ndani ya jicho la kulia na kulijaza kama wino unavyoijaza glasi ya maji. Hata hapo hakwenda. Alisema Mei ni wiki chache tu, na jicho la kushoto linatosha kumalizia mahameli iliyobaki.

Mei alikwenda. Hermila alimshika mkono njia nzima, na safari hii foleni haikucheka. Nesi Amparo alikuwa yuleyule. Obdulia aliweka kidevu, taa ikamulika. Jicho la kulia, mashine ilisema picha haisomeki. La kushoto ilisoma mara moja: ugonjwa mkali, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Nesi alishangaa. Mtu hatoki kwenye usalama kamili hadi hapo kwa mwaka mmoja, si kawaida. Akafungua picha za mwaka uliopita, akaziweka kando ya ile mpya, akazitazama kwa muda mrefu.

"Mama," alisema, "mishipa ya jicho ni kama alama ya kidole. Inaweza kuharibika, lakini haihami. Hawa ni watu wawili." Akainua uso. "Mwaka jana nani alikaa kwenye kiti hiki?"

"Mimi," Hermila alisema. Hakusema kwa sauti yake ya sokoni. "Nilikaa mimi."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anamshonea binti yangu."

Nesi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliandika barua ya kwenda Oaxaca. Kisha akasema jambo ambalo Hermila amelirudia kwa kila mtu tangu siku ile, kama mtu anayejipiga. "Mashine ingeuona ugonjwa huu mwaka jana. Ndiyo kazi pekee inayoijua."

Oaxaca daktari wa macho alitazama, akamwita mwenzake naye atazame. La kulia walisema limekwisha, kovu limevuta ukuta wa nyuma na kuung'oa. La kushoto walilichoma kwa leza, wakalichoma tena, na walipomaliza lilikuwa linatofautisha mchana na usiku, na mtu akisimama mlangoni linaona kuwa kuna kitu kimesimama. Obdulia aliuliza kama angekuja mwaka uliopita ingekuwaje. Daktari yule alikuwa mtu mkweli. Alimwambia kwamba kwa wengi wanaokuja mapema, macho hubaki.

Dawa zake hazikufutwa. Yale waliyoyaogopa hayakutokea hata moja, isipokuwa Hermila kutolewa kwenye kamati, na kiti kile alipewa mwanamke mwingine ambaye watu hawamkumbuki jina. Fremu imeegemezwa ukutani. Nereida anatarizi kidogo kwa cherehani, na mama yake akisikia ile sauti hugeukia upande mwingine.

Hermila huja kila asubuhi na uji na mkate mtamu. Humkalisha barazani, humfunga utepe kwenye nywele, humweleza nani amepita. Zamani walitaniana bila kupumzika. Sasa Hermila huongea na Obdulia husikiliza, na wakati mwingine huinua mkono na kuchomoa hewani uzi usiokuwapo. Hakuna aliyemsikia akimlaumu komadre wake, wala aliyemsikia akisema amemsamehe. Niliwahi kumsikia Hermila akimwambia, "Nitukane basi, komadre. Nitukane hata mara moja." Obdulia aliuliza kama jua limekwisha kufika mlangoni.

Yadira aliolewa na kunenepa baada ya mtoto wa kwanza, na lile vazi halimwingii tena. Limekunjwa ndani ya sanduku pamoja na karafuu za kufukuza nondo. Lilivaliwa usiku mmoja. Liligharimu macho yote mawili ya Obdulia Matus.